KULALA BURE KANDO YA ZIWA LISILO NA MAJI

Mkulima wa Githongo akiamka alfajiri huona ukungu umetanda juu ya mashamba ya chai, na husikia kijito kikienda bondeni chini ya shamba lake. Kwake maji si jambo la kufikiriwa sana. Mlima Kenya humletea mvua mara mbili kwa mwaka, na zikichelewa majuma machache tu, sokoni hakuna mazungumzo mengine. Kwa hiyo si ajabu kwamba watu wengi wa Imenti hawajapata kuwaza ya kuwa, safari ya siku mbili kutoka mlangoni kwao, liko ziwa kubwa ambalo lori laweza kulipita katikati bila kulowesha gurudumu.

Ziwa hilo ni Chalbi, katika Kaunti ya Marsabit. Katika lugha ya Wagabra, ambao ndio wenyeji wa huko, jina hilo maana yake ni mahali patupu penye chumvi. Watu wa ramani huliita jangwa, na hawakukosea. Lakini kwanza lilikuwa ziwa, na hata leo mvua ikizidi hurudi kuwa ziwa kwa muda.

Siku hizi walimu, makarani na vijana wenye kazi mijini wamezoea kufunga mahema yao wakati wa likizo na kwenda kulala kando ya ziwa hilo. Hupendezwa na upana wa nchi, na nyota za usiku, na pia hupendezwa na jambo moja ambalo mtu wa mshahara hawezi kulidharau: pale ukingoni hakuna lango, wala karani wa kukata tikiti. Wanaporudi huwaambia wenzao, "Tulilala bure." Neno hilo "bure" lafaa kuchunguzwa vizuri kabla ya mtu kufunga mizigo yake.

NJIA YA KWENDA HUKO

Zamani safari ya kaskazini ilikuwa adhabu. Kutoka Isiolo barabara ilikuwa mawe na vumbi, na lori liliweza kulala njiani siku mbili kwa sababu ya chuma kimoja kilichovunjika. Leo barabara ya lami yatoka Isiolo hadi Moyale, mpakani mwa Ethiopia, mwendo wa kilomita 500 hivi, na abiria aliyetoka Meru asubuhi aweza kunywa chai ya jioni mjini Marsabit.

Njia yenyewe ni somo. Mtu akishuka kutoka Meru kwenda Isiolo huiacha migomba na mibuni nyuma yake kwa muda wa saa moja tu. Huvuka mto Ewaso Ng'iro penye Archer's Post, huona mlima Ololokwe wenye kilele bapa kama meza, kisha hupita Merille, Laisamis na Logologo katika nchi ya migunga mifupi na mawe. Halafu mlima Marsabit huinuka mbele yake, mweusi kwa msitu, na hewa hupoa tena. Baada ya mji wa Marsabit, mwenye kwenda Chalbi huiacha lami na kuteremka upande wa kaskazini-magharibi hadi Maikona, na kutoka huko hadi Kalacha. Mteremko huo ni karibu mita 1,000. Mtu aliyevaa koti asubuhi mjini Marsabit hulitupa nyuma ya gari kabla ya adhuhuri.

KWA NINI LILIKAUKA

Wataalamu wa mambo ya ardhi wamekuta katika bonde la Chalbi makombe ya konokono wa majini na udongo mweupe uliofanyizwa na viumbe vidogo vya ziwani. Hizo ni alama za maji yaliyokaa muda mrefu. Yapata miaka 11,000 iliyopita, na kwa maelfu ya miaka baadaye, Afrika Mashariki ilipata mvua nyingi kuliko sasa, na bonde hilo lilikuwa na maji. Kisha mvua zilipungua, na ziwa likaondoka.

Sababu yake yaweza kufahamika jikoni. Chalbi ni bonde lisilo na mlango wa kutokea. Maji yanayoteremka kutoka mlima Marsabit, mlima Kulal na vilima vya Huri huishia hapo, wala hayana mto wa kuyapeleka baharini. Basi hufanya kama maji ya chumvi yaliyoachwa katika sufuria juu ya moto: maji hupaa, chumvi hubaki chini. Katika nchi tambarare za huko mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 200. Jua na upepo, kwa upande wao, vyaweza kukausha maji yenye kina cha zaidi ya mita mbili kwa mwaka huohuo. Pasipo mito mikubwa ya kuliongezea, ziwa haliwezi kushinda hesabu hiyo.

Kilichobaki ni uwanja mweupe ulionyooka hata macho yachoke, wenye nyufa kama udongo wa chungu kilichoharibika tanuuni. Ukingoni yako machemchemi machache, na penye machemchemi hayo ndipo ilipojengwa miji midogo ya Kalacha, Maikona na North Horr. Mikoma huota hapo kwa vikundi, na kivuli chake ndicho kivuli pekee kwa mwendo wa saa nyingi.

Mchana, jua likiwa kali, uwanja huo huonekana kama umejaa maji. Hayo ni mazigazi. Hewa iliyo karibu na ardhi hupata moto sana kuliko ile iliyo juu yake, na nuru ya mbingu hupinda inapopita ndani yake, hata mtu akaona mbingu iko chini na akadhani ni ziwa. Mgeni aliyeishiwa na maji ameonywa: asiyafuate macho yake. Na afuate njia ya magari, au nyayo za ngamia, maana ngamia wajua waendako.

ARDHI NI YA NANI?

Sasa turudi kwenye neno "bure". Mgeni akitazama Chalbi haoni ua, wala boma, wala jiwe la mpaka, wala mtu. Husema moyoni, "Hapa hapana mwenyewe." Mkulima wa Githongo, ambaye kwao hata mti mmoja ulio mpakani waweza kuwapeleka ndugu wawili mahakamani, ni rahisi kudanganyika hivyo, kwa sababu amezoea kuijua mali kwa alama zake.

Lakini ardhi hiyo ina wenyewe. Zamani nchi za namna hiyo zilikuwa ardhi za amana chini ya halmashauri za wilaya. Katiba ya mwaka 2010 ilizifanya kuwa ardhi za jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 iliweka taratibu za kuziandikisha na kuzisimamia. Na hata kabla ya sheria zote zilizoandikwa, Wagabra walikuwa na desturi zao za kugawa malisho na maji kwa majira na kwa koo. Mahali ambapo mgeni aona utupu, mzee wa Kigabra aona malisho ya masika, njia ya kupelekea ngamia kisimani, mahali pa chumvi kwa mifugo, na uwanja ambapo boma lake litahamia mwezi ujao.

Wao wenyewe ndio mafundi wa kwanza wa kambi. Nyumba ya Kigabra ni fito zilizopindwa na kufunikwa kwa mikeka na ngozi. Wanawake huijenga, na wanawake huibomoa, na siku ya kuhama yote hubebwa na ngamia. Vijana wao waendao mbali na mifugo, katika kambi waiitayo fora, hawachukui hata nyumba hiyo. Hulala chini ya mbingu, ndani ya duara la miiba, na chakula chao ni maziwa. Msafiri anayejisifu kwa hema lake jipya yafaa akumbuke kwamba ameingia katika nchi ambayo watu wake wamekuwa wakilala hivyo tangu mababu.

Basi desturi nzuri ni hii. Mgeni akifika Kalacha au Maikona, kabla ya kutafuta mahali pa hema, amtafute chifu au wazee wa mahali. Salamu za huko huuliza amani kwanza, nagaa, na hazina haraka. Mtu huulizwa amani ya nyumbani kwake, na ya mifugo, na ya njia aliyoipitia. Baada ya salamu ndipo aseme, "Mzee, sisi ni wageni kutoka Meru, twaomba mahali pa kulala usiku mbili." Aghalabu hatakataliwa. Ataonyeshwa mahali pazuri kuliko pale alipokuwa amepachagua mwenyewe, na ataambiwa habari ambazo hazimo katika ramani yoyote: kisima kipi kina maji matamu, njia ipi imelowa, na kama kuna shida ya usalama upande fulani.

Jambo hilo la mwisho si la kuchezewa. Kaunti ya Marsabit imepata kuona machozi mengi kwa sababu ya ugomvi wa malisho na mifugo. Mwezi wa Julai 2005, huko Turbi, watu wengi waliuawa asubuhi moja, na miongoni mwao walikuwamo watoto wa shule. Siku za amani ni nyingi kuliko siku za vita, lakini mwenyeji ndiye ajuaye leo ni siku gani. Mgeni aliyepiga hema lake gizani bila kujulisha mtu amejinyima ulinzi mkubwa kuliko wote, yaani kujulikana.

MAJI YA KISIMA

Iko mali moja huko ambayo haipewi mtu kwa kunyamaza tu, nayo ni maji. Kisima katika nchi kavu kilichimbwa na watu, husafishwa na watu, na kina zamu zake. Mifugo hunyweshwa kwa utaratibu, kundi kwa kundi, na mwenye ngamia aliyetembea siku tatu kufika zamu yake hatafurahi kuona gari la wageni limesimama katikati, wakijaza mitungi na kuosha vioo.

Yafaa kila msafiri achukue maji yake kutoka Marsabit. Kwa joto la Chalbi, ambalo mchana hupita nyuzi 35 mara nyingi, mtu mmoja asihesabu chini ya lita 5 za kunywa kwa siku, mbali na za kupikia, na achukue akiba ya siku mbili zaidi kwa ajili ya gari kuharibika. Kuoga kwa sabuni ndani ya chemchemi ni kosa kubwa; maji hayo hunywewa na watu na wanyama walio chini yake. Wala hema lisipigwe karibu na kisima. Alfajiri mifugo itakuja, na mifugo ikiogopa hema itarudi na kiu.

Mwenye kutaka kujua uzito wa neno hili na akumbuke ukame uliopita. Tangu mwisho wa mwaka 2020 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika kaskazini ya Kenya. Mizoga ya ng'ombe, kondoo na hata ngamia ilitapakaa kando ya njia, na jamaa waliokuwa matajiri wakawa wanangojea chakula cha msaada. Katika nchi iliyopita hapo, ndoo moja ya maji si kitu kidogo.

UPEPO, TOPE NA MAFURIKO

Mtu aliyezoea kupiga hema katika nyasi laini za Mlima Kenya atapata kazi mpya huko Chalbi. Upepo wa kusini-mashariki hupita kati ya milima ya Kenya na milima ya Ethiopia kama maji yapitayo katika mfereji mwembamba, nao una nguvu hata karibu na Loiyangalani imejengwa mitambo 365 ya kuzalisha umeme kwa upepo. Hema jepesi la sokoni lisilofungwa vizuri litachukuliwa. Vigingi vifupi havishiki katika ardhi ya chumvi: juu ni ngumu, chini ni unga. Afadhali kujaza magunia mchanga na kufunga kamba humo, na kuliweka gari upande utokako upepo liwe ukuta.

Tope ndilo adui wa pili. Uso wa ziwa hukauka na kuwa kama saruji, lakini mahali pengine chini yake udongo bado una maji. Gari zito likitoka katika njia iliyozoeleka, gamba hilo huvunjika na magurudumu huzama hadi ekseli. Simu ya mkononi haipati mtandao mahali pengi, na msaada waweza kukawia siku nzima. Busara ni kwenda magari mawili, kuchukua mwenyeji aijuaye njia, na kumwambia mtu aliyebaki Kalacha saa ya kurudi.

La tatu ni mafuriko, ingawa lasikika kama mzaha katika jangwa. Mvua yaweza kunyesha juu ya Marsabit au vilima vya Huri, mbali sana na hema, huku nyota zikiwaka juu ya Chalbi. Maji huteremka katika makorongo makavu usiku na kumkuta mtu usingizini. Korongo lenye mchanga laini na ukuta wa kuzuia upepo huonekana kama kitanda kilichotandikwa. Asilale hapo mtu. Na apendelee ardhi iliyoinuka, ukingoni mwa ziwa, si katikati yake. Kabla ya kuvaa viatu asubuhi avikung'ute, kwa maana nge hupenda mahali pa joto.

Kuni nazo ni chache. Mti uliokatwa huko haurudi upesi kama mkalitusi wa Meru. Achukue jiko lake, la makaa au la gesi. Na takataka zote zirudi katika gari. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na wafugaji wajua sababu yake kuliko watu wa mjini: mnyama akila plastiki, tumbo lake huziba naye hufa polepole, na mwenyewe haelewi ugonjwa mpaka ampasue.

ZIWA JINGINE LILILO MLIMANI

Mwenye watoto wadogo, au asiyetaka taabu ya jangwa, aweza kubaki Marsabit. Ndani ya msitu wa mlima huo, katika shimo la volkano ya kale, liko ziwa liitwalo Paradise. Nalo huja na kuondoka: miaka ya mvua tembo na nyati hunywa humo, na ukame ukiwa mkali hukauka likawa uwanja wa nyasi.

Wageni maarufu wa ziwa hilo walikuwa Wamarekani wawili, Martin Johnson na mkewe Osa, waliofika mwaka 1924 wakajenga kijiji kidogo kando yake na kukaa hadi mwaka 1927, wakipiga picha za sinema za wanyama. Baadaye msitu huo ulipata sifa kwa ajili ya tembo aliyeitwa Ahmed, mwenye pembe ndefu zilizokaribia kugusa ardhi. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri tembo huyo alindwe, na walinzi wakawa naye hadi alipokufa kwa uzee mwaka 1974. Sanamu yake imesimama katika Makumbusho ya Taifa mjini Nairobi.

Huko kulala si bure. Ni hifadhi ya taifa, na mgeni hulipa ada kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Wako wanaonung'unika kwa ajili ya ada hiyo, lakini angalau huijua bei yake. Ni Chalbi ambako mgeni hukosa kuijua bei, maana haikuandikwa popote.

WAKATI WA VIBALI

Wazee wa Meru watakumbuka kwamba safari hizi hazikuwa za mtu yeyote. Kwa sheria ya mwaka 1902 serikali ya kikoloni iliifunga nchi ya kaskazini, na sheria nyingine ya mwaka 1934 ikakaza zaidi. Mtu hakuweza kuingia wala kutoka bila kibali, na Isiolo ulikuwa mlango wenyewe. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 vilifuata vita vya Shifta hadi mwaka 1967, na woga ukaendelea miaka mingi. Hivyo majirani wawili, mkulima wa mlimani na mfugaji wa nyikani, walikua wakisikiana habari zao kwa maneno ya watu wengine.

Leo malori ya Meru hupeleka viazi, ndizi, mboga na miraa hadi Marsabit na Moyale, na mbuzi na ng'ombe wa kaskazini huliwa Meru. Biashara imefungua njia. Lakini mfanyabiashara hulala hotelini na kurudi. Yule apigaye hema kando ya Chalbi hukaa usiku mzima katika nyumba ya jirani yake, na jinsi anavyokaa ndivyo atakavyopokewa yule atakayemfuata. Akiacha chupa na majivu na kisima kilichochafuliwa, mgeni wa pili ataulizwa maswali makali, na wa tatu atafukuzwa.

Basi mwenye kufunga mizigo Githongo na aongeze kitu kimoja ambacho kwao hakina shida: pakiti chache za majani ya chai, na sukari kidogo. Asizitoe kama malipo, wala asizitupe dirishani kwa watoto. Ampelekee mzee aliyempa mahali, akae naye chini ya mkoma. Chai itachemshwa kwa maziwa ya ngamia, nayo itakuwa nzito na yenye ladha ya moshi. Mkulima atakayeinywa atakuwa ameonja jani la mlimani kwao kwa namna asiyoijua, na mzee atakuwa amemjua mgeni wake kwa jina. Usiku huo hema litakuwa na mwenyeji.